Wahafidhina walivyotumia wingi wao bungeni London, na maana yake kwa mzigo wa maua

Dereva anayetoka Naivasha usiku ili maua yawahi ndege ya mizigo Nairobi hana muda wa kufuatilia kura za bunge la nchi nyingine. Hata hivyo, uchaguzi wa Uingereza wa tarehe 12 Desemba 2019 ulifika hadi kwenye ankara ya mzigo wake. Tueleze ilikuwaje, kwa sababu baadhi ya mambo yaliyoanza siku ile bado yanawasumbua wauzaji.

Chama cha Conservative, yaani Wahafidhina, chini ya Boris Johnson kilipata viti 365 kati ya 650. Kilivizidi vyama vingine vyote kwa pamoja kwa viti 80. Kabla ya hapo serikali ya chama hichohicho ilikuwa imefungwa mikono. Mwaka huo wa 2019 mkataba wa Theresa May wa kujitoa Umoja wa Ulaya ulikataliwa na wabunge mara 3, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202.

Serikali yenye wingi wa viti 80 haina haja ya kumbembeleza mtu. Wiki moja baada ya uchaguzi, tarehe 19 Desemba, Malkia alisoma hotuba iliyobeba miswada zaidi ya 30: kilimo, uvuvi, biashara ya nje, uhamiaji, fedha za hospitali, adhabu za ugaidi na mengineyo. Kuipitia yote ni kazi ya wanasheria. Kwa mfanyabiashara, wa kutazamwa ulikuwa ule uliopigiwa kura kwanza. Siku iliyofuata tu wabunge waliupitisha muswada wa kujitoa katika hatua yake ya pili kwa kura 358 dhidi ya 234. Tarehe 23 Januari 2020 ukawa sheria, na tarehe 31 Januari Uingereza ikatoka.

Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu kifupi ambacho magazeti mengi ya huku kwetu yalikipita. Mawaziri walikatazwa kukubali kuongeza kipindi cha mpito baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Muswada wa Oktoba, kabla ya uchaguzi, haukuwa na katazo hilo. Kwa maneno mengine, wingi wa viti ndio ulioigeuza tarehe ya kujadiliwa kuwa tarehe ya lazima, na saa ikaanza kuhesabu kwa kila aliyekuwa akiuza Uingereza kwa nafuu ya ushuru iliyotokana na Umoja wa Ulaya.

Katika Afrika Mashariki saa hiyo haikuwatisha wote sawa. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na bidhaa zao ziliendelea kuingia Uingereza bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya haimo katika kundi hilo. Bila mkataba, maua yake yangetozwa asilimia 8. Mzigo wa pauni 10,000 ungelipa pauni 800 mlangoni, kabla ya gharama ya ndege, wakala wa forodha na maua yaliyonyauka njiani. Wanaoijua biashara hii wanajua kwamba pauni 800 mara nyingi ndiyo faida yenyewe.

Ndiyo maana Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, wiki 3 tu kabla ya kikomo. Wenzake wa Jumuiya hawakuingia, ingawa mlango uliachwa wazi. Manung'uniko yalikuwepo, na kwa maoni yangu yalikuwa na msingi: nchi zenye umoja wa forodha na ushuru mmoja wa nje zinapata shida mmoja wao anapofungua dirisha lake peke yake. Anayevusha bidhaa Namanga akumbuke kwamba bidhaa ya Uingereza kupita Mombasa kwa nafuu hakuifanyi kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Cheti cha uasili bado kitaulizwa.

Mkataba pia haukufunika kila njia. Maua ya Kenya yaliyokwenda kwanza kwenye soko la Uholanzi, kisha yakavushwa kuingia Uingereza, yalikumbana na asilimia 8 ileile, kwa kuwa yalipitia nchi ya tatu. Ua ni lile lile, shamba ni lile lile, lakini njia ndiyo iliyotozwa. Serikali ya London ililegeza jambo hilo baadaye, ikasimamisha ushuru wa maua yaliyokatwa kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 hadi 30 Juni 2026, hata kwa yanayopitia nchi nyingine.

Wasafirishaji nao watapenda kujua habari ya sheria ya uhamiaji, iliyokamilika Novemba 2020 na kukomesha uhuru wa raia wa Ulaya kuingia kufanya kazi. Septemba 2021 Uingereza ilijikuta haina madereva wa malori wa kutosha (korona nayo ilichangia), na serikali ileile ikatangaza viza 5,000 za muda kwa madereva wa nje.

Ukaguzi wa mpakani ulichelewa zaidi. Sheria ya kujitoa ilipita kwa mwezi mmoja, lakini ukaguzi wa mizigo ya vyakula na mimea kutoka Ulaya uliahirishwa mara kadhaa, na ule wa kufungua mzigo na kuutazama ulianza tarehe 30 Aprili 2024. Aliyewahi kulala kwenye foleni Malaba hatashangaa. Miezi miwili baadaye, tarehe 4 Julai 2024, Wahafidhina walishindwa uchaguzi na chama cha Labour kikachukua serikali.

Kwa anayeuza maua kupitia Uholanzi, nafuu ile iliwekwa kwa muda maalumu. Kabla ya kukubaliana bei na mnunuzi wa Uingereza, muulize wakala wako ushuru ukoje siku mzigo utakapofika, na mkataba useme nani ataulipa.