Fomu Yako Itastahimili Mvua?

Je, msomaji, umewahi kuchapishiwa fomu ya basari katika saiba mtaani Kaptembwo, jijini Nakuru, kisha ukanyeshewa kabla hujamfikia chifu? Huenda jina lako liligeuka doa, ilhali fomu ya jirani yako, iliyolowa vivyo hivyo, ilisomeka barabara. Wote mlilipia ukurasa mmoja. Kilichowatofautisha ni jinsi printa ilivyoweka wino kwenye karatasi.

Printa kongwe zaidi kati ya zile utakazozikuta ni ya sindano. Kichwa chake kina sindano ndogo, aghalabu 9 au 24, zinazogonga utepe wenye wino, na kila herufi hujengwa kwa nukta. Kelele zake husikika hadi nje, lakini kwa kuwa inagonga, huweza kuandika nakala kadhaa za karatasi za kaboni kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana baadhi ya ofisi hazijaitupa.

Ya pili hurusha matone. Mwaka wa 1977 huko Japani, Ichiro Endo, mtafiti wa kampuni ya Canon, aliona jambo la ajabu: chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kiligusa sindano ya bomba lililojaa wino, na wino ukaruka. Joto lilikuwa limezua povu, nalo povu likausukuma wino nje. Printa nyingi za matone hufanya kazi hivyo hadi leo. Nyingine, kama za Epson, huukamua wino kwa vipande vinavyojikunja vikipitishiwa umeme.

Hapa ndipo penye hatari. Wino wa matone ni majimaji. Ikiwa rangi imeyeyushwa ndani yake kama sukari katika chai, mvua itaiyeyusha tena. Ikiwa rangi ni chembechembe, hung'ang'ania karatasi na kustahimili maji zaidi.

Ya tatu ni ya leza. Asili yake ni ugunduzi wa Chester Carlson, Mmarekani aliyetoa nakala ya kwanza kwa umeme na unga mkavu tarehe 22 Oktoba 1938. Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox aliongeza mwanga wa leza, na kufikia 1971 printa yake ilikuwa ikifanya kazi.

Sugua kitana nywelani, kisha ukikaribishe kwenye vipande vya karatasi. Vitarukia kitana, sivyo? Basi ndani ya printa hii mna silinda yenye umeme wa aina hiyo. Leza huichora silinda, na unga uitwao tona hunata palipochorwa, kisha huhamia kwenye karatasi. Unga huo ni plastiki iliyotiwa rangi. Rola zenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi huuyeyusha ukashikamana na karatasi. Ndiyo sababu ukurasa hutoka ukiwa na uvuguvugu, na maji ya mvua hayauoshi.

Ya nne haina wino kabisa! Ni ile ya risiti za supamaketi. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali zinazogeuka nyeusi zikipata joto. Ikwaruze risiti kwa ukucha na utaona mstari mweusi. Risiti iliyoachwa juani hufifia, na ukiipitisha katika mashine ya moto ya laminesheni, yote huwa nyeusi.

Basi, mzazi na mwanafunzi, kabla ya kulipa, uliza: ni printa gani hii? Kwa fomu na barua za kuhifadhiwa miaka mingi, chagua leza. Ikiwa iliyopo ni ya matone tu, omba ukurasa ulioharibika, ulowanishe kidole na uguse maandishi. Yakichafuka, tia fomu yako katika mfuko wa plastiki kabla ya kutoka. Nayo risiti ya redio au friji yenye dhamana, itolee fotokopi siku hiyo hiyo, kwa maana fotokopi hutumia tona. Shilingi chache za nakala ni nafuu kuliko kufika dukani na kikaratasi cheupe, ukidai haki usiyoweza kuithibitisha.