Sakafu Ipi Inafaa Banda la Gari?

Hapa Sirari, mpakani na Isebania, familia nyingi hulaza gari au pikipiki nyumbani. Anayejenga banda hujiuliza: sakafu ipi inafaa?

Udongo ulioshindiliwa ni wa gharama ndogo, lakini hunyonya oili, na mvua huugeuza tope. Niru hupendeza sebuleni. Bandani hubanduka chini ya magurudumu na huteleza ikipata oili. Vigae vya kawaida navyo huteleza, na hupasuka vikiwekewa jeki.

Inayofaa ni zege lililokwaruzwa kwa ufagio mgumu kabla halijakauka. Kwanza shindilia mawe. Kisha changanya saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2 na kokoto ndoo 4, umwage kwa unene wa sentimita 10. Usizidishe maji, maana hudhoofisha zege. Weka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje. Limwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Gari lisubiri siku 28. Fedha ikipungua, anza na njia mbili za magurudumu tu.

Mteremko huo si wa maji peke yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa sakafuni na kutuama mabondeni, hata ukafika jikoni na kulipuka. Kwa hiyo banda lisifungukie jikoni, na pikipiki isilale chumba kimoja na watoto, hata kama tunaogopa wezi. Pikipiki hununuliwa tena, mtoto hanunuliwi.