Kofia ya safari na mkanda wake: maarifa ya Karagita

Asubuhi Ziwa Naivasha hutulia. Alasiri upepo huamka, maji yakaanza kurukaruka, na hapo ndipo kofia za wageni hujulikana zipi ni kofia na zipi ni pambo. Aliyepanda boti kwenye ufuo wa Karagita akiwa na pama jipya kichwani hujikuta analishika kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, huku nahodha akimwonyesha viboko walioibuka kando ya mafunjo. Kofia ikishapeperushwa kuelekea kwa viboko, hakuna wa kuifuata.

Karagita ni mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, kando ya barabara ya Moi South Lake, kusini mwa mji wa Naivasha. Matatu na boda boda zinazopita hapo zinaelekea pia kwenye lango la Elsa la Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Elsamere alikoishi Joy Adamson, na mitambo ya mvuke ya Olkaria. Kwa hiyo mtaa huu unaziona kofia za kila namna: ya mtalii, ya mlinzi wa geti, ya kibarua, ya mwendesha baiskeli anayeelekea kwenye Mnara wa Fischer. Atakaye kofia ya safari hapa hana haja ya duka la kifahari la Nairobi. Ila lazima ajue anachokitafuta.

Adui wa kwanza ni jua, na jua la Naivasha ni janja. Ziwa liko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, lakini pia liko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni baridi, mgeni hatoki jasho, akadhani yuko salama. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mtu apandapo mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Jioni anarudi hotelini masikio na shingo vinamwasha, ilhali mchana kutwa alivaa kofia: ile ya besiboli, isiyofunika hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa watu wenye ualbino hili si suala la mapambo hata kidogo. Kofia yenye ukingo mpana huenda sambamba na mafuta ya kukinga ngozi na nguo za mikono mirefu, na ndiyo maana kila Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, kofia hutajwa pamoja na dawa. Wataalamu wa saratani wa Australia, nchi inayolijua vyema tatizo la saratani ya ngozi, wanapendekeza ukingo wa angalau sentimita 7.5 kwa mtu mzima. Kipimo hicho kinafaa kubebwa kichwani na yeyote anayekwenda sokoni.

Ajabu ni kwamba kofia iliyotangaza neno safari duniani ilizaliwa kutokana na hofu iliyopita kiasi. Wazungu wa mwanzo wa karne ya 20 waliamini kwamba jua la tropiki hupenya fuvu na kuharibu ubongo, hata uti wa mgongo. Walivaa helmeti nyepesi iliyotengenezwa kwa moyo wa mmea wa sola kutoka India, na wengine walishonewa pedi ya kitambaa mgongoni. Theodore Roosevelt, aliyetua Mombasa Aprili 1909 punde baada ya kuondoka Ikulu ya Marekani, alipigwa picha nyingi akiwa na helmeti ya aina hiyo. Naivasha pia alifika, akawinda viboko ziwani. Walowezi wengine walipendelea kofia ya terai, ya manyoya yaliyoshindiliwa, ambayo mara nyingi ilikuwa kofia mbili zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Wenyeji waliokuwa wakiwabebea mizigo juani kutwa nzima hawakuwa na helmeti, na akili zao zilibaki timamu.

Hofu iliisha, cheo kikabaki. Baada ya uhuru helmeti haikufungasha virago pamoja na wakoloni: Wakenya wengi wanamkumbuka mkuu wa wilaya wa enzi ya Moi, amesimama jukwaani siku ya Jamhuri na sare yake ya kaki, helmeti kichwani, akisoma hotuba ya rais. Nje ya serikali maana yake haikusahaulika. Oktoba 5, 2018, Melania Trump alipotembelea Hifadhi ya Taifa ya Nairobi akiwa na helmeti nyeupe, lawama zilimiminika kutoka pande zote za dunia, naye akajibu kwamba angependa watu watazame anachofanya badala ya anachovaa. Anayenunua kofia leo atafanya vyema kuiacha helmeti kwenye rafu. Ukingo wake ni mfupi pembeni, na mabishano yake ni marefu.

Iliyo bora kwa Bonde la Ufa ni pama la pamba nzito au turubai. Linakunjwa likaingia mfukoni, linafuliwa, linakauka usiku mmoja. Mkanada Alex Tilley, baharia aliyechoshwa na kofia zilizopeperushwa majini, alianza kutengeneza la kwake mwaka 1980, na kampuni yake ikajivunia kisa cha kofia iliyomezwa na tembo mara tatu, ikatoka, ikafuliwa na kuvaliwa tena. Kofia za manyoya ya sungura kama Akubra za Australia, zilizoanza miaka ya 1870, hukaa vizuri kichwani na hustahimili mvua, lakini ukizikalia ndani ya matatu zimekwisha. Za ngozi ni imara, ila nzito na zenye joto. Za ukindu zina hewa safi na huvunjika ukingo ndani ya begi.

Katika masoko ya mitumba ya Naivasha na Nakuru zote hizi hutokea, moja moja, katikati ya kofia za besiboli na za sufu za kujikinga na baridi. Wachuuzi huita kamera zile bidhaa za kwanza zinazochambuliwa robota likifunguliwa, na anayewahi kamera ndiye anayepata pama lisilo na doa. Bei ni ya kuongea. Kabla ya kuongea, ageuze kofia ndani nje. Ukanda wa jasho unaozunguka ndani ndio unaosimulia maisha ya kofia: ukiwa umekakamaa na kupasuka, utakwaruza paji la uso siku nzima. Aiinue juani atazame kama mwanga unapenya kwenye kitambaa. Ukipenya, miale nayo inapenya. Atafute matundu ya hewa juu ya masikio na kamba ya kidevuni, maana bila kamba boti la alasiri halifai. Akose kamba, fundi wa viatu atatoboa matundu mawili na kumtilia ya ngozi akiwa amesimama hapo hapo.

Rangi nayo ina masharti. Kaki na kijivu cha udongo huficha vumbi. Nguo ya madoadoa ya kijeshi, ambayo Wakenya huiita jangal, iachwe kabisa, kwa kuwa raia anayeivaa anaweza kujikuta akijieleza kwa polisi. Na kama safari itaendelea hadi kwenye misitu yenye mbung'o ya Tanzania, bluu iliyokoza na nyeusi si rangi za kuvaa, kwani mitego ya mbung'o hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

Kisha mkanda.

Kazi yake ya asili ni ndogo: kuficha mshono ambapo ukingo hukutana na sehemu ya kichwa, na kuikaza kofia isitanuke. Lakini kwa kuwa kofia zote za kaki hufanana, mkanda ndio mahali pekee ambapo mwenye kofia husema lake. Wawindaji wa zamani walisema la kwao kwa ngozi ya chui, ya pundamilia au ya nyoka, na unyoya wa mbuni ubavuni. Lugha hiyo nchini Kenya ilifungwa mdomo. Uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977, biashara ya nyara ikafuata mwaka 1978, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka mitano kwa anayepatikana na nyara bila kibali. Pama la mtumba lililorudi na kipande cha ngozi yenye madoa halisi si bahati. Ni kesi.

Kinachobaki halali ni kingi na kizuri zaidi: ngozi ya ng'ombe au mbuzi, utepe wa pamba, kamba ya mkonge iliyosokotwa, na juu ya vyote, shanga. Wanawake wa Kimaasai wanaouza vito karibu na Hell's Gate hushona mikanda ya kiunoni, vikuku na kola za mbwa. Ukimwonyesha mmoja wao kofia, mkanda wa kofia kwake ni kazi ndogo.

Anaanza na uzi, hana haja ya futi. Anauzungusha chini ya sehemu ya kichwa, juu kidogo ya ukingo, maana mzunguko wa nje wa kofia ni mrefu kuliko wa kichwa cha mvaaji. Anakata ngozi yenye upana wa vidole viwili au pungufu, kisha anazishona shanga safu kwa safu, sindano ikipita kwenye shanga na kurudi kwenye ngozi. Ncha mbili haziungwi kabisa: huachwa nafasi ya kidole, ikafungwa kwa kamba nyembamba ya ngozi, ili mkanda ulegezwe kofia ikirowa na kukazwa ikikauka. Shanga ni za kioo na zina uzito. Mkanda mpana juu ya kofia laini ya pamba huivuta ikaanguka machoni, kwa hiyo safu nne au tano zinatosha.

Rangi huchaguliwa kwa mpangilio. Nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu iletayo mvua, kijani ni majani ya malisho. Ukali wa Wamaasai katika jambo hili si wa leo. Mskochi Joseph Thomson alipojiandaa kuvuka nchi yao mwaka 1883, mwaka uleule Mjerumani Gustav Fischer alipofika kwenye mnara wa mawe unaobeba jina lake, ilimlazimu kusimama Taveta, wapagazi wake wakazitunga upya shanga zote kwa urefu waliouzoea Wamaasai. Shanga zisizo na mtindo wao zisingemnunulia hata njia.

Mnunuzi wa leo afanye majaribio mawili kabla ya kulipa. Alowanishe kitambaa cheupe, asugue upande wa chini wa ngozi. Kikitoka chekundu, mvua ya kwanza itaipaka kofia rangi hiyo. Halafu aukunje mkanda mara mbili na kusikiliza kama uzi unakatika. Ukipita, ushikizwe kwenye kofia kwa vishikizo vinne vya uzi, mbele, nyuma na pembeni, ili utolewe siku ya kufua. Gundi isikaribie.

Msimu wa kununua kofia nao umebadilika. Tangu Mashindano ya Dunia ya Magari yaliporejea Kenya mwaka 2021, Safari Rally imekuwa ikiujaza mji wa Naivasha mashabiki wenye kofia mpya, na kwa miaka mitatu ya kwanza ilikuwa Juni, mwezi wa vumbi kavu. Mwaka 2024 ilihamishiwa Machi, mlangoni mwa mvua za masika. Anayejiandaa kwa Machi achague turubai lililopakwa nta badala ya pamba tupu, mkanda wa shanga usio na ngozi ya kupaka rangi, na aagize mapema, kwa sababu wiki ya mashindano washonaji huwa na oda za vikuku vya rangi ya bendera mpaka usiku.