Maumivu ya mgongo: Yoga inaweza kukusaidia, lakini usipuuze daktari

Unaamka asubuhi, mgongo umekaza. Unainama kumvisha mtoto viatu, maumivu yanakushika kiunoni. Unameza kidonge, siku inakwenda, kesho unarudia.

Kama hiyo ndiyo hali yako, fahamu kuwa dawa za maumivu kama diklofenaki, zikitumika muda mrefu bila usimamizi wa daktari, zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Yoga, mazoezi yenye asili ya India, huunganisha kunyoosha viungo, kuimarisha misuli na kupumua taratibu. Mwaka 2017, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani kilitoa mwongozo unaoitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno.

Misuli ya tumbo na mgongo ikipata nguvu, huusaidia uti wa mgongo unapoinama, unapobeba mtoto au ndoo ya maji. Kupumua polepole nako hutuliza mwili, na wengi hulala vizuri zaidi.

Huhitaji ukumbi wala vifaa. Tandika mkeka, piga magoti na uweke viganja chini kama mtoto anayetambaa. Ukivuta pumzi, shusha tumbo na inua kichwa. Ukitoa pumzi, pinda mgongo kuelekea juu. Rudia mara 8 hadi 10. Kisha kalia visigino, inama mbele hadi paji la uso liguse mkeka, upumue taratibu kwa dakika moja. Usilazimishe, ukisikia maumivu makali, acha.

Dakika 15 kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi. Mwite na mwanao. Watoto hupenda kuiga.

Muone daktari kwanza kama ni mjamzito, una presha ya macho, mifupa dhaifu au presha ya damu isiyodhibitiwa. Na kama unatumia dawa za presha au kisukari, endelea nazo. Yoga si mbadala wake.

Wahi hospitali ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikikosa nguvu, ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au maumivu yakiambatana na homa au kupungua uzito. Hapo mkeka hautoshi.