Daftari la Mengo

Mwishoni mwa mwaka 1896 msafara wa wamisionari wa Church Missionary Society uliondoka pwani ya Mombasa kuelekea Buganda, katika Uganda ya leo. Reli ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutandikwa, kwa hiyo hospitali nzima ilisafiri vichwani mwa wapagazi: chupa za dawa, visu vya upasuaji, bandeji, kila mtu na mzigo wake wa kilo 30 hivi. Ndani ya msafara walikuwamo daktari kijana wa Kiingereza, Albert Cook, na muuguzi Katharine Timpson. Walifika Mengo Februari 1897 na hawakukawia kuanza kutibu. Mwaka 1900 wakafunga ndoa. Jack, ndugu yake Albert, naye daktari, alijiunga nao pia, na kazi ikawa ya familia.

Habari za familia hii hunijia kila ninapoletewa andiko la mradi wa afya nilisome. Jedwali lipo, malengo yapo, viashiria vipo. Ninachotafuta mimi ni pale mradi unapojiachia nafasi ya kukosolewa na mambo utakayoyakuta. Mengo ilikosolewa mara nyingi.

Mara na mbingu. Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali yao ya kuezekwa kwa nyasi, ikateketea. Iliyofuata ilijengwa kwa matofali. Mara na maradhi yenyewe. Mwaka 1901 Albert na Jack waliona wagonjwa waliosinzia, wakadhoofu na kufa, wakatambua kwamba malale yameingia Uganda. Hakuna aliyekuwa ameyapangia bajeti. Katika miaka michache tu, kwa makadirio ya wakati ule, watu zaidi ya 200,000 walikufa, wengi wao kandokando ya Ziwa Victoria.

Lakini kosa lenye funzo kubwa zaidi lilitokana na watu waliojiamini. Mnamo mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitangaza kwamba Buganda imeliwa na kaswende, akakadiria walioambukizwa kufikia asilimia 80. Cook naye aliamini kwamba janga ni kubwa kiasi hicho. Lawama ikaelekezwa kwa uhuru mpya wa wanawake, eti wamelegezewa kamba. Ukaja ukaguzi wa lazima wa miili, jambo lililowadhalilisha watu na kuchukiwa. Miaka mingi baadaye wataalamu walioichambua habari hiyo walieleza kwamba sehemu kubwa ya vidonda vilivyohesabiwa kuwa kaswende haikuwa kaswende ya zinaa. Vilifanana zaidi na buba, ugonjwa unaoenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi, tena kwa watoto hasa. Watu waliaibishwa kwa dhambi ambayo wengi wao hawakuitenda. Uchungu huo haufutwi na wema wa nia, na anayeisimulia Mengo bila kuutaja anasimulia nusu.

Hata hivyo, ndani ya kampeni hiyohiyo dhidi ya kaswende lilizaliwa jambo lililowazidi umri waliolianzisha. Katharine alikuwa akihangaishwa na vifo vya wazazi na watoto wachanga. Kati ya mwisho wa vita vya kwanza vya dunia na mwanzo wa miaka ya 1920, yeye na wenzake walisimamisha shule ya wakunga ikaitwa Lady Coryndon. Wasichana wa Uganda walifundishwa kupima ujauzito, kumpokea mtoto, kukata kitovu kwa usafi na kutambua mapema hatari inayomzidi mkunga. Walisoma kwa Kiganda, na Albert aliwaandikia kitabu cha ukunga kwa lugha hiyo. Walipohitimu walipelekwa kwenye vituo vya uzazi mashambani, mbali na jicho la daktari. Huko mama mwenye uchungu usiku hakuuliza mradi ulianza kwa sababu gani. Aliuliza kama mkunga yupo. Na mkunga alikuwapo, binti wa nchi yake, anayemsemesha kwa lugha ya nyumbani.

Kuna tunda la pili pia, nalo lilitoka kwenye daftari. Tangu mwanzo Albert aliandika habari za kila mgonjwa aliyelazwa: dalili, uvimbe, upasuaji, mwisho wake. Katharine alifariki mwaka 1938, Albert mwaka 1951, na daftari zikabaki. Mwaka 1964 watafiti wa Kampala walichapisha uchambuzi wa saratani zilizoonekana Mengo tangu 1897 hadi 1956. Kwa kuwa mambo yaliandikwa kama yalivyoonekana, maandishi yale yaliweza kujibu maswali ambayo mwandishi wake hakuwahi kuyawaza. Hospitali ya Mengo ipo mpaka leo, na wakunga bado wanafundishwa pale.

Juzi nilikaa jioni kwenye zahanati moja ya kwetu. Muuguzi alikuwa peke yake, amewasha taa ya simu, akijaza kitabu cha takwimu za afya, MTUHA, mstari kwa mstari: umri, kijiji, uzito wa mtoto. Mstari mmoja alikuwa ameuandika kwa mkono mzito. Mama alifika amechelewa, mvua ilikuwa imekata njia, mtoto hakuishi. "Watu wa mradi wakija," aliniambia, "wanachukua jumla tu ya chini ya ukurasa."

Nimelishika neno lake. Watu wa mradi ni sisi, na jumla ya chini haisemi kwamba njia ilikatika. Sasa kabla sijatia saini andiko lolote nauliza ni nani atakayeusoma mstari ule, na mpango utageuka vipi akishausoma.