Tunamwambia Mgeni "Jambo", Kisha Hatumwambii Jambo

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini yuko mgeni ambaye huja, akatumia fedha zake, kisha akaondoka bila ya yeye wala mwenyeji kupona. Namkusudia abiria wa meli ya kitalii, yule ashukaye Kilindini asubuhi na kutakiwa awe amerejea melini kabla ya magharibi. Ana saa chache tu za kuijua Mombasa, na aghalabu hurudi uso umemkunjamana.

Wafanyabiashara wa utalii wana sababu zao tayari: joto, msongamano wa magari, wachuuzi wasiobanduka. Sababu hizo ni za kweli, ila hazitoshi. Naples na Istanbul pia zina wachuuzi na magari yasiyosogea, na bado wageni huondoka huko wakisimulia. Mimi naona kasoro yetu imo katika lugha.

Wakati mmoja nilialikwa kufuatana na kundi la wageni wa namna hiyo katika basi la kampuni ambayo sina haja ya kuitaja. Tulivuka daraja la Nyali, tukakwama Kengeleni kwa karibu nusu saa. Muda wote huo kiongozi wa msafara alinyamaza, isipokuwa mara mbili alipowahimiza abiria waitikie kwa sauti moja, "Jambo!" Bibi mmoja aliyeketi kando yangu aliuliza kengele ile ya barabarani ilikuwa ya nini. Akajibiwa kwamba ni ya zamani.

Ni ya zamani, naam, lakini zamani ipi? Mnamo 1875 wamishonari wa Kianglikana walianzisha hapo kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kikaitwa Frere Town kwa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1872 kushinikiza biashara ya watumwa ipigwe marufuku. Husimuliwa kwamba kengele hiyo iliwatahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi waliotaka kuwarejesha minyororoni. Walikuwapo Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na Kiswahili kikawa daraja baina yao. Si mbali na hapo, upande huo huo wa bara, amezikwa Rosine Krapf, aliyefariki Julai 1844, miezi michache baada ya kufika Mombasa na mumewe. Mume huyo, Johann Ludwig Krapf, ndiye aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Nusu saa ya msongamano ingalitosha kuyasimulia haya yote, na ikabaki.

Tulipofika Bamburi wageni walionyeshwa twiga. Hawakuambiwa kwamba walikuwa wamesimama juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, ambako kuanzia 1971 Mswisi Rene Haller alipanda mivinje kwenye mwamba mtupu wa matumbawe, kisha akaleta majongoo wayale majani makavu ili yageuke udongo. Twiga wapo kwingi duniani katika mabustani ya wanyama. Jongoo aliyeumba msitu hayupo kwingi.

Safari ikaishia katika duka la vinyago, saa nzima. Hata hapo hakuna aliyetaja kwamba Changamwe wako wachongaji wa Kikamba walioungana katika ushirika tangu 1963, na kwamba mgeni angeweza kukaa nao akaona gogo la mwarobaini likigeuka kiboko mbele ya macho yake.

Mwanaisimu hawezi kulipita neno lile la salamu bila kulitazama. "Hujambo" maana yake ni kwamba huna jambo, hulemewi na neno. Tumeondoa ukanushi kwa ajili ya mgeni, tukamwachia "jambo" tupu. Basi tunamsalimu kwa kumtajia jambo, kisha hatumwambii jambo lolote.

Yuko atakayesema kwamba watalii hawaji kusoma historia, wanataka pwani na wanyama. Hoja hiyo haina mashiko. Yule bibi aliuliza. Na gharama ya kumjibu ni ndogo kuliko ya lita moja ya petroli, maadamu majibu yamo katika majina tunayoyatamka kila siku. Kilindini ni penye kilindi, maji ya kina kirefu, na ndiyo sababu meli yake imeweza kufunga hapo. Likoni ni penye liko, mahali pa kushukia vyombo. Ng'ambo ya bandari iko Mtongwe, ambako feri ilizama tarehe 29 Aprili 1994 na zaidi ya watu 270 wakaangamia. Mgeni huyaona maji hayo akiwa sitahani, asijue kwamba wako waliofiwa wanaoyatazama kila asubuhi.

Nawageukia walimu na wanafunzi. Shule za Kisauni, Likoni na Changamwe zina hazina hii mlangoni. Kila darasa na likusanye majina ya mitaa yake: nani aliyapa, kwa lugha gani, kwa sababu gani. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo ataweza kesho kuwa kiongozi wa msafara ambaye mgeni hatamsahau, na malipo yake yatatokana na maarifa, si na bakshishi ya mwenye duka.

Wala faida si ya mgeni pekee. Kijana wa Kisauni apitaye Kengeleni kila siku bila kuijua kengele hana tofauti na abiria wa saa chache. Tofauti ni kwamba abiria ana meli ya kumrejesha kwao.