Konzo: Ugonjwa wa Miguu Utokao Katika Muhogo

Sisi wa Kwihara, karibu na Tabora, twakaa kando ya njia ya kale ya misafara. Hapa Livingstone aliwangoja wapagazi mwaka 1872, na Wanyamwezi walisifiwa kwa nguvu za miguu yao. Kwa hiyo yafaa tuzijue habari za konzo, ugonjwa uwezao kumnyima mtu miguu yake kwa ghafula.

Jina hili limetoka Kongo, katika lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Miguu yote miwili hukakamaa. Mgonjwa huenda kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, naye huyumba. Wapatwao zaidi ni watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ulizuka Tarime.

Wengine hudhani ni uchawi. Sivyo. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sianidi. Desturi njema ni kuumenya, kuuloweka siku 3 hata ulainike, kisha kuuanika. Njaa ijapo, watu huifupisha kazi hiyo. Na wakikosa samaki, nyama na maharagwe, mwili hukosa nguvu ya kuiondoa sumu.

Unga usioaminika uchanganyeni na maji, muutandaze katika ungo, unene usizidi sentimita 1, muuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu itatoka hewani. Kisha pikeni ugali siku iyo hiyo.

Na aliyekwisha kupatwa, je? Miguu yake hairudii hali ya kwanza. Lakini ugonjwa huu hauambukizi, wala kwa kawaida hauzidi, ila akilishwa tena sumu ile. Basi tusimfiche nyumbani. Tumchongee fimbo, moja au mbili, kwa kadiri ya haja yake. Tumsaidie kuinyosha miguu kila siku. Tung'oe visiki katika njia ya kisimani. Mtoto aende shuleni, hata kwa kupakiwa juu ya baiskeli. Nasi walimu tumweke karibu na mlango, tuwakanye wamwigao. Ayumbaye si mlevi, wala si wa kuchekwa.

Babu zetu walivumilia safari ya miezi mingi hata pwani, mizigo mabegani. Je, sisi tutashindwa kuungoja muhogo siku 3?